Kazi ya Mwongoza Kikundi: Kuuliza na Kungoja

Msomaji, ukipita Jumamosi alasiri katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Makadara hata Dandora na Kayole, utawakuta watu wamekaa kwa vikundi. Wengine wako chini ya mti, wengine uani katikati ya nyumba, wengine ndani ya jumba la mtaa. Vingi ni vyama vya akiba, lakini vingine ni vikundi vya wakulima. Usistaajabu. Watu wa mjini hulima sukuma wiki, mchicha, managu na kunde katika magunia, katika mikebe mikuukuu, na katika vipande vya ardhi kando ya mito na barabara. Hufuga kuku na sungura pia. Tangu mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ina sheria yake ya kukuza na kusimamia ukulima wa mjini, na mkulima wa mtaani si mtu wa kujificha tena.

Somo la mwezi huu si juu ya mbolea wala mbegu. Ni juu ya yule anayeongoza mazungumzo ya kikundi, ambaye siku hizi wengi humwita mwezeshaji. Huenda ni Bwana Shamba au Mama Shamba, huenda ni mkulima mwenzenu mliyemchagua. Huenda ni wewe. Angalia kwamba yeye si mwenyekiti. Mwenyekiti ana amri, mweka hazina ana fedha, mwandishi ana kitabu. Mwezeshaji hana hata kimoja cha hivyo. Kazi yake ni kuyatoa yale ambayo watu ishirini wanayajua, yafike katikati ya duara, kisha wenyewe wakate shauri.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilikwenda kwa kikundi kimoja upande wa Dandora. Walikuwa watu 22, wengi wao akina mama, na sukuma wiki yao ilikuwa imeingiliwa na vidukari mpaka majani yakajikunja. Kijana mmoja akanijia na jani mkononi. Juu yake palikuwa na mdudu mweusi mwenye madoa ya rangi ya machungwa, miguu sita, umbo lake kama mamba mdogo sana. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu naye ni mdudu gani?" Sikumtazama vizuri. Nilisema, "Hao wote ni maadui wa mboga. Nunueni dawa, mpige shamba zima." Nyuma ya duara alikuwako mama mmoja mzee, vijana walimwita shosho. Nilimwona akifungua mdomo, halafu akaufunga. Nikaendelea na maneno yangu.

Wakatoa fedha katika akiba yao, wakanunua dawa, wakapiga. Baada ya majuma matatu vidukari walikuwa wengi kuliko mwanzo. Fedha zilikuwa zimekwisha, mboga haikuuzika, na wanachama watatu walikuwa wamejitoa wakisema kikundi hiki kinakula jasho lao. Ndipo shosho akaniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "yule mdudu mweusi nimemwona mara nyingi akiwala hao wadogo. Lakini wewe ulikuwa umekwisha kusema."

Basi alikuwa na haki. Yule mdudu ni mtoto wa mdudu mwingine ambaye kila mtu amemwona: yule wa mviringo, mwekundu, mwenye madoa meusi mgongoni. Mama na mtoto hawafanani hata kidogo, lakini wote wawili hula vidukari, na mtoto anapokaribia kukua huweza kula makumi kwa siku moja. Dawa yetu ilimwua mlaji. Vidukari huzaana upesi sana, wakarudi wakakuta adui wao hayupo. Maarifa ya kutuokoa yalikuwapo pale duarani, hatua sita kutoka niliposimama. Mimi ndiye niliyeyazuia.

Kosa hili limewahi kuwapata watu wa nchi nzima. Huko Indonesia wakulima wa mpunga walipiga dawa mashamba yao mara kwa mara, na dawa zikaua buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla mdudu arukaye anayenyonya mpunga. Mdudu huyo akaongezeka akaharibu mashamba mengi. Mwaka 1986 serikali yao ilikataza aina 57 za dawa zisitumiwe tena katika mpunga. Lakini katazo peke yake halimfundishi mtu, kwa hiyo mwaka 1989 wakaanza shule za mashambani, ambazo hazikuwa na ubao wala madawati. Wakulima walikutana kila juma katika shamba, wakatazama mimea, wakahesabu wadudu, wakachora walichokiona katika karatasi kubwa, wakajadiliana. Mbegu ya shule hizo ilifika Kenya katika miaka ya 1990, na mwaka 1999 kazi kubwa ya namna hiyo ilianzishwa Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa Kiswahili twaiita shamba darasa.

Mwezeshaji wa shamba darasa ana desturi moja ambayo nataka uishike. Mkulima akimletea mdudu na kuuliza, "Huyu ni nani?" yeye hatoi jina. Hujibu kwa kuuliza, "Umemkuta wapi? Alikuwa akifanya nini? Walikuwa wengi? Nani mwingine amemwona?" Mara ya kwanza wakulima huudhika. Hudhani mwalimu hajui, au anawadharau. Lakini jina la mdudu halimfai mkulima kitu kama hajui mdudu huyo anakula nini. Anayekwenda kutazama mwenyewe hatasahau, na mwaka ujao hatahitaji kukungoja wewe.

Tena ukishauliza, ngoja. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Tunauliza, tunaona kimya, tunaogopa, tunajijibu wenyewe. Kimya si kitu kibaya. Mtu anafikiri, au anatafuta neno la Kiswahili la jambo analolijua kwa lugha ya mama yake, au anangoja mkubwa wake aseme kwanza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Ukifika kumi na bado ni kimya, liseme swali lile kwa maneno mengine, kisha hesabu tena. Nimeona watu wakianza kusema wakati wa saba au wa nane.

Sasa tuje kwa yule asemaye sana. Kila kikundi kinaye. Mara nyingi si mtu mbaya: ana bidii, ana kisomo kidogo, au alikuwa kiongozi mahali pengine. Usimwaibishe mbele za watu, maana ukimwaibisha mmoja, kumi wengine wataogopa zamu yao. Mwambie kwa heshima, "Asante mzee, hilo limeandikwa. Sasa tusikie upande ule wa mlangoni." Au mpe kalamu aandike wanayosema wengine, mtu aandikaye hulazimika kusikiliza.

Wale wanyamavu wanahitaji njia nyingine. Wagawe watu wawili wawili, wazungumze dakika chache, halafu kila jozi itoe neno moja. Mwanamke asiyeweza kusema mbele ya baba mkwe wake ataweza kumwambia jirani, na jirani atalitoa. Likiwa ni jambo la kuchagua, mathalan kama fedha ziende kwa tangi la maji, kuku au mbegu, tumia maharagwe. Weka mikebe mitatu nyuma ya pazia au nyuma ya mlango, kila mtu apewe maharagwe matatu, aende peke yake, atie apendavyo. Kisha mwageni na kuhesabu mbele ya wote. Njia hii haitaki kusoma, na mkubwa hawezi kuona mdogo ametia wapi. Kikundi kimoja nilichokijua kilikuwa kimeambiwa kwa mwaka mzima kwamba wote wanataka kuku. Maharagwe yakaonyesha wengi walitaka tangi.

Mitaa ya Eastlands ina jambo lake la pekee, nalo ni lugha. Katika duara moja utakuta Mkikuyu, Mjaluo, Mluhya, Mkamba na Msomali, na vijana ambao Kiswahili chao ni Sheng tupu. Wawili wakianza kunong'ona kwa lugha yao, wengine hudhani wanasengenywa, au kwamba fedha zinapangwa. Dhana hiyo si mchezo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani katika baadhi ya mitaa hii walipigana na kufukuzana, na watu hawajasahau. Basi mwanzoni kabisa kubalianeni juu ya lugha ya mkutano. Mzee akishindwa na neno, aseme kwa lugha yake, na mwingine atafsiri kwa sauti, wote wasikie. Kijana akisema neno la Sheng ambalo wazee hawalijui, mwombe alieleze, bila kumcheka.

Kukaa nako kuna maana yake. Mitaa hii ina sifa ya mikutano mikubwa tangu zamani. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na jumba lake likawa mahali pa wanasiasa kuhutubia watu wakati wa kudai uhuru. Lakini mkutano wa siasa una jukwaa, na aliye jukwaani ametaka asikilizwe. Wewe umekuja kusikiliza. Kaa katika duara, kiti chako kiwe sawa na viti vyao. Wakikaa juu ya mawe, nawe tafuta jiwe. Na uchunge saa. Akina mama wengi wana chakula cha jioni cha kupika, na hakuna apendaye kupita vichochoroni gizani. Mlisema saa kumi na moja mtafunga, fungeni saa kumi na moja hata kama maneno ni matamu.

Mwenye kusoma haya asidhani namwambia mwezeshaji anyamaze siku zote. Liko jambo ambalo hutalifanyia mchezo wa maswali, nalo ni lile linaloweza kumwua mtu au kumharibu mtoto. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa habari za uchunguzi uliofanywa karibu na jaa la taka la Dandora. Nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubaliwa, na udongo wa pale ulikuwa na risasi nyingi pia. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na huwezi kuiona kwa macho wala kuionja. Basi mwanachama akisema, "Tuchote udongo kule jaani, ni mweusi na una rutuba," usimwulize ameuona wapi. Sema mara moja: hapana, na sababu ni hii. Kadhalika maji machafu ya mfereji yasimwagiwe mboga ziliwazo mbichi. Kadhalika dawa ya wadudu: kila chupa ina karatasi inayotaja siku za kungoja kabla ya kuvuna, na mboga yenu huliwa na watoto wa jirani. Haya yasemwe wazi, kisha rudi kwenye kuuliza.

Na tabia ya mwezeshaji mwenyewe? Nitasema machache. Asishike fedha za kikundi hata kwa dakika tano, hata akiombwa. Fedha zihesabiwe kwa sauti katikati ya duara, mweka hazina azichukue, mwandishi aandike. Asiyoyasikia hadharani asiyatangaze: aliyeambiwa na mama fulani kwamba mumewe amechukua mchango wake, na alifunge hilo. Afike mapema. Na awe mtu awezaye kusema "sijui" bila kuona haya, kisha aseme, "twendeni tukatazame." Hilo la mwisho lilinigharimu mimi kuliko yote, maana nilikuwa nadhani mshahara wangu ni wa kujua.

Nilirudi kwa kile kikundi cha Dandora. Walikuwa wamebaki 19. Nikawaambia mbele ya wote kwamba mimi ndimi niliyekosa katika shauri la dawa, na kwamba shosho alikuwa akijua. Palikuwa na kimya, nikahesabu. Kabla sijafika kumi, yule kijana wa kwanza akasema, "Basi shosho atuonyeshe." Tukaenda shambani, yeye mbele. Akageuza majani mpaka akapata mmoja tu, yule mweusi wa madoa, amesalia katika gunia la mwisho ambalo dawa haikufika.

Nanyi mwaweza kufanya kama tulivyofanya siku ile. Mkutano ujao leteni chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani, zikatwe shingo, vipande viwili vya kitambaa chembamba, na uzi. Katika kila chupa tieni jani lenye vidukari kama thelathini, mmewahesabu kwa sauti. Chupa moja mtie mdudu mmoja mweusi wa madoa. Ya pili msitie. Fungeni midomo kwa kitambaa, ziwekwe kivulini nyumbani kwa mtu mnayemwamini, na asizifungue. Mtakapokutana tena kesho yake jioni, mwezeshaji asiseme neno. Aziweke tu katikati ya duara, chupa kwa chupa, na aulize nani atahesabu.