Dondoo Muhimu: Ridhaa ya Mzazi Asiyesafiri
Mzazi wa Babati anayekusudia kuvuka mpaka wa Namanga na mtoto bila mzazi mwenzake anashauriwa kubeba, pamoja na pasipoti ya mtoto, cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na wakala wa usajili, RITA, na hati ya kiapo, yaani tamko la ridhaa lililoapwa mbele ya wakili au hakimu, likitaja nchi iendewayo, tarehe ya kurudi na simu ya aliyeridhia. Jina la mzazi likitofautiana kati ya cheti na pasipoti, hata kwa herufi moja, lisahihishwe mapema. Aliyefiwa na mzazi mwenzake hubeba cheti cha kifo cha mwenzake huyo. Penye mgogoro kati ya wazazi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huipa mahakama mamlaka ya kuamua malezi, na amri ya mahakama, si ahadi ya mdomo, ndiyo ya kumwonesha afisa uhamiaji.