Vidonge vya Futari na Haki ya Ini



Ndugu zangu katika imani, katika fiqhi tumezoea kulikuta ini kwenye mlango wa vyakula, lilipohalalishwa pamoja na bandama. Leo tulitazame likiwa ndani ya miili yetu, maana karibu kila dawa tunayomeza hupita kwake.

Tuanze na parasetamoli, ambayo wengi wetu huiita Panadol. Sehemu kubwa ya dawa hii ini huimaliza bila taabu. Sehemu ndogo hugeuka sumu, nayo ini huizima kwa akiba yake iitwayo glutathioni. Mtu akimeza kupita kiasi akiba hukauka, na sumu hurudi kuzila seli za ini lenyewe. Asiyekula vya kutosha kwa siku nyingi akiba yake ni ndogo tangu mwanzo.

Sasa fikiria Ramadhani hosteli. Mtu ameumwa kichwa tangu adhuhuri (mara nyingi ni chai aliyoikosa tu). Magharibi anafuturu kwa tende na vidonge vinne, kisha dawa ya mafua ya pakiti ambayo nayo ina parasetamoli ndani, na daku anarudia. Kwa mtu mzima mwenye afya kipimo ni vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, vikiachana saa nne hadi sita, wala visizidi vinane kwa saa 24. Huwezi kulipa vidonge vya mchana kwa kuvirundika usiku. Swala hulipwa, kipimo cha dawa hakina kadhaa.

La kutisha ni kwamba aliyezidisha sana anaweza kupita siku nzima akihisi kichefuchefu tu, au asihisi kitu, hali ini linaharibika. Ipo dawa ya kuizima sumu hiyo, asetilisisteini, na hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Kwa hiyo usingoje macho kuwa ya manjano, wala usingoje magharibi. Aya ya 184 ya Suratul-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Wenzetu wanaotibiwa kifua kikuu wako katika hali nyingine. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zaweza kuliumiza ini, lakini kuziacha kwa uamuzi wako huleta usugu. Ukiona mkojo mweusi kama chai isiyo na maziwa, kutapika, au maumivu chini ya mbavu za kulia, rudi kliniki siku hiyo hiyo, wao ndio waamue.

Kisha kuna mitishamba, na hapa ndipo sisi wanafunzi wa dini tunapoteleza. Hadithi ya habbat sauda kuwa ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti ni sahihi. Lakini al-Khattabi (aliyefariki mwaka 388 H) alieleza kuwa tamko ni la jumla na lililokusudiwa ni mahususi, kwani hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia zote za kutibu. Muuzaji anayeibandika hadithi hiyo kwenye chupa ya unga uliochanganywa asiyejua na nini, hana hoja. Hata majani ya chai ya kijani, yasiyodhuru kikombeni, yakikamuliwa yakawa vidonge vya kupunguza unene yamewahi kuwaumiza watu ini. Mairungi, tunayotafunia usiku wa mitihani, nayo imehusishwa na maradhi ya ini kwa watafunaji wa muda mrefu.

Abu Dawud amepokea kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu ndiye mdhamini wa madhara yatakayotokea. Mafakihi wamejenga juu yake hukumu ya fidia, na sioni sababu ya kumtoa humo mwenzetu anayeuza "dawa ya kusafisha ini" chumba kwa chumba. Aliyekwisha kuinywa na anajisikia vibaya aende hospitali na chupa yenyewe mkononi, hata kama haina jina, na amwambie daktari kila alichomeza, pamoja na kile anachoona haya kukitaja.