Joto la Imbo, Baridi ya Mlimani: Mwili Unavyozoea na Sharia Inavyousaidia



Sifa zote njema ni za Allah. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, kila mwaka wa masomo unapoanza tunabadilishana watu. Vijana wa Buyenzi wanapanda Ngozi na Gitega, na wenzetu wa Kayanza na Bururi wanashuka Bujumbura. Wengine wanakwenda mbali zaidi, Uturuki au Kanada. Wiki za mwanzo ndizo ngumu. Aliyetoka mlimani hapati usingizi kwa joto, na Ijumaa anasinzia kwenye khutba. Aliyetoka kwetu Buyenzi anaogopa maji ya alfajiri mpaka swala inampita. Nasi tunawacheka wote wawili.

Ninachotaka tujifunze leo ni hiki: Allah ameuumba mwili uweze kuzoea, lakini kuzoea kunataka muda, na kwa ajili ya muda huo Sharia imeweka ruhusa. Asiyejua mambo haya mawili ama ataacha ibada, ama ataidhuru nafsi yake.

1. Mwili unavyozoea

Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Buyenzi iko jirani yake. Bugarama, safari ya saa moja na kitu kwa gari, iko juu ya mita 2,000. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana mtu huondoka kwetu na shati jepesi, akafika Bugarama anatafuta koti.

Joto la ndani ya mwili linatakiwa libaki karibu na nyuzi 37. Anayeshuka Imbo, mwili wake hujifunza kwa siku 10 mpaka 14: jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, chumvi inayopotea kwa jasho hupungua, na moyo hauendi mbio kama siku ya kwanza. Lakini haya humjia anayetembea na kufanya kazi kidogo kidogo ndani ya joto lenyewe, si anayejifungia chumbani. Na akirudi mlimani, baada ya wiki chache mazoea hayo hupotea.

Baridi ina mambo yake. Mishipa ya ngozi hujibana na mwili hutetemeka ili upate moto, lakini uwezo wetu wa kuizoea baridi ni mdogo. Mwanadamu anaishi kwenye baridi kwa nguo, nyumba na moto. Tazama Surat An-Nahl: katika aya ya 5 Allah anataja joto tunalolipata kutokana na wanyama, na katika aya za 80 na 81 anataja majumba, sufi, vivuli na mavazi ya kutukinga. Basi kununua sweta ni kuitumia neema. Si ulegevu.

Tahadhari moja: kuzoea joto si kuzoea malaria. Aliyekulia mlimani, ambako malaria ni chache, kinga yake ni ndogo. Hata mtoto wa Buyenzi aliyekaa miaka Ulaya, kinga aliyokuwa nayo hupungua. Wote wawili walale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa ikianza wakapime.

2. Masahaba nao walihama

Muhajirina walipofika Madina, Abu Bakr na Bilal (r.a.) waliugua homa. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia namna Bilal alivyoitamani Makka, mabonde yake na mimea yake. Mtume (s.a.w.) hakuwalaumu. Alimwomba Allah awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, aifanye nchi ya afya, na aihamishie homa yake Juhfa. Kumbe ugeni wa mwili na huzuni ya moyo huja pamoja, na mgeni anahitaji dua na huruma kabla ya mawaidha.

3. Ruhusa za Sharia

Kwenye joto: Abu Dharr (r.a.) amesimulia kwamba safarini Mtume (s.a.w.) alimzuia mwadhini asiadhini Adhuhuri mpaka joto lipoe na vivuli vya vilima vionekane. Wanazuoni wa Kishafii wameifungamanisha ruhusa hii na nchi ya joto na jamaa wanaotoka mbali. Na kwa aliyefunga, imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) alionekana akijimwagia maji kichwani kwa kiu au joto, naye amefunga.

Kwenye baridi: aliyevaa khuffu, yaani viatu vya ngozi vinavyofunika vifundo vya miguu, akiwa na udhu, anapangusa juu yake: mkazi usiku na mchana mmoja, msafiri siku tatu. Soksi nyepesi zina hitilafu. Muulize sheikh wako.

Kisha kuna kisa cha Amr bin al-As (r.a.) katika msafara wa Dhat as-Salasil, mwaka wa 8 Hijria. Alipata janaba usiku wa baridi kali, akachelea kuangamia akikoga. Akatayamamu, akawaswalisha wenzake Alfajiri. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza, alitoa hoja kwa aya inayokataza kuziua nafsi, ya Surat An-Nisaa. Mtume akacheka, asiseme neno. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba aliyetayamamu kwa baridi huirudia swala yake. Wengine wanasema harudii, kwa kuwa Amr hakuamrishwa kurudia.

Lakini angalieni sharti: hofu ya madhara ya kweli, na kukosa njia ya kupasha maji. Mwenye jiko na sufuria hana ruhusa hiyo. Kuona baridi tu si udhuru, na kukamilisha udhu wakati wa taabu kuna thawabu kubwa.

4. Tufanye nini?

Mgeni wa joto: anza kazi na michezo kidogo kidogo, kunywa maji kabla kiu haijakushika, na usiache daku.

Mgeni wa baridi: weka maji ya udhu kwenye chupa ya chai tangu usiku, na nguo nzito karibu na kitanda.

Mwenyeji: usimcheke mgeni. Mwazime blanketi, mwonyeshe msikiti wenye kivuli, mgongee mlango Alfajiri.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini mwili huzoea joto zaidi kuliko baridi?
2. Tofautisha taabu ya kawaida na madhara yanayohalalisha tayamamu.
3. Tawi letu limewaandalia nini wageni wa mwaka huu?

Allah atupe afya katika kila nchi tutakayokaa, na atujaalie tumwabudu kwa elimu. Amin. Wallahu a'alam.