Hata Uyoga Una Ngeli

Somo langu leo si ushairi wala insha, ni uyoga. Msicheke, maana hata uyoga una ngeli.

Masika iliyopita hapa Rombo, mdogo wangu alirudi nyumbani na uyoga tele ndani ya sweta yake. Aliuchuma karibu na kichuguu. Uyoga mdogo wa kichuguuni tunaujua, tena ni mtamu ajabu. Lakini mama aliona mmoja, halafu wa pili, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia. Akautupa wote. Mdogo wangu akalia, "Lakini mama, si ni ule ule tu!" Je, nani alisema kweli?

Mkumbukeni kiboko. Kwa umbo la jina lake ungemtia katika KI-VI, pamoja na kitabu. Lakini hatusemi "kiboko kimelala", twasema "kiboko amelala". Umbo hudanganya, upatanisho ndio husema kweli. Wataalamu wa bayolojia nao wamejifunza hivyo. Mwaka 1753 Linnaeus wa Uswidi aliuweka uyoga pamoja na mimea. Kumbe uyoga haujitengenezei chakula kwa mwanga wa jua! Mwaka 1969 Whittaker wa Marekani akaupanga katika himaya yake, himaya ya kuvu.

Sasa tazameni ngeli za uyoga wetu. Ule wenye magamba ni wa jenasi Lepiota, familia Agaricaceae. Jina hilo latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gamba. Ule wa kichuguuni ni wa jenasi Termitomyces, familia Lyophyllaceae, nao hulimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu. Oda yao ni moja, yaani Agaricales, lakini familia ni mbali mbali.

Upatanisho wao tutauonaje? Kata kofia, ilaze juu ya karatasi nyeusi, ufunike kwa bakuli hadi asubuhi. Utakuta unga wa vijimbegu. Wa Lepiota ni mweupe, wa Termitomyces una rangi ya waridi. Ukimaliza, nawa mikono. Lakini jaribio hili ni la kujifunza tu, si ruhusa ya kula!

Si kila Lepiota ina sumu, ila baadhi zina sumu ya kuua, na kuzitofautisha ni kazi ngumu hata kwa wataalamu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mlaji hukaa saa sita au zaidi bila kuhisi lolote, kisha hutapika na kuhara. Baadaye aweza kupata nafuu kidogo, kumbe ini linaharibika. Aliyekula asingoje dalili, akimbizwe hospitali pamoja na masalio ya uyoga huo.

Basi mama alisema kweli, ingawa hajui neno Lepiota. Wenzangu, tusipoijua ngeli ya jina tutapoteza alama moja. Tusipoijua ngeli ya uyoga, tutapoteza ndugu. Majuto ni mjukuu.