Bisibisi ya Volti 1000: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Nyumbani

Je, bisibisi na plaisi za volti 1000 zina faida kwa kazi ndogo za stima nyumbani? Zina faida. Zinunue, kisha zima stima. Nyumbani kazi yake ni kukukinga siku utakapokosea. Hazikuruhusu kushika waya wenye moto.

FANYA

Zima maini swichi. Swichi ya ukutani haitoshi. Hapa Mbaraki nimefungua feni zilizozimwa ukutani nikakuta waya bado una moto: aliyefunga swichi alikata nyutro, akaiacha laivu.

Pima kabla ya kugusa. Jaribu testa kwenye soketi yenye stima isiyopitia maini swichi uliyozima, kama ya jirani, pima mahali pa kazi, kisha rudi uijaribu tena pale pa kwanza. Testa mbovu haiwaki hata kwenye waya wa moto, na wewe utadhani pako salama.

Tafuta alama. Pembetatu mbili zilizoingiliana, maandishi "1000 V" na namba ya kiwango, IEC 60900. Zana halisi ya aina hiyo hupimwa kwa volti 10,000 kabla ya kuuzwa.

Kagua mpini kila unapoushika. Ukiona ufa, mkato au palipoyeyuka, tupa zana hiyo. Ufute kwa kitambaa kikavu. Sisi tunaishi kando ya bahari. Chumvi na jasho vikishika unyevu juu ya mpini huweza kupitisha stima.

Mwite fundi akufungie RCD ya miliampia 30. Hiyo hukata stima inapovuja. Bisibisi haiwezi.

USIFANYE

Usidhani kila mpini wa plastiki ni kinga. Ule wa plaisi ya kawaida umewekwa usikuumize kiganja, basi.

Usifunge tepu mpini uliopasuka. Kwa joto letu gundi hulainika na tepu huteleza. Zana iliyozibwazibwa si ya stima.

Usikumbuke mpini ukasahau mwili. Nyumbani mwako mna volti 240. Mpini hulinda kiganja kilichoushika tu. Kiwiko kikigusa waya, na mkono wa pili umekamata friji, stima itapita kifuani, na kiasi kidogo tu chatosha kuusimamisha moyo.

Usifanye kazi umelowa au peku sakafuni. Ngozi yenye maji huipa stima njia rahisi.

Usiguse mita wala sili ya Kenya Power. Waya zinazoingia kwenye mita hazizimwi na maini swichi yako. Zina moto mchana na usiku.

Usivute laini mpya mwenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Mwambie akuonyeshe leseni kabla hajapanda ngazi.

Zima, pima, ndipo ushike bisibisi. Ukiziruka hatua hizo mbili za kwanza, hakuna zana dukani ya kukuokoa.