Ala ya Kisu cha Mhunzi

Kisu cha mhunzi hakiji na ala. Ukikinunua gulioni, iwe Rulenge, Kabanga au Nyakahura, muuzaji atakiviringisha kwa kipande cha boksi, nawe utakitia kapuni upande bodaboda. Boksi hutoboka njiani, na mkono wa kwanza kuingia kapuni mkifika nyumbani huwa wa mtoto anayetafuta andazi.

Vifuniko vya plastiki vya madukani havisaidii sana, kwa kuwa vimetengenezwa kwa visu vya kiwandani vinavyofanana. Cha mhunzi kimefuliwa kwa jicho na nyundo. Chuma chake mara nyingi ni springi ya gari, na springi zilizokatika hazikosekani kwenye njia ya malori yanayotoka Rusumo na Kabanga kuelekea Nyakanazi. Mgongo waweza kuwa na unene wa milimita 4 karibu na mpini na 2 tu karibu na ncha. Tumbo la kisu nalo huwa pana kuliko sehemu inayoshika mpini, kwa hiyo ala iliyobana mlangoni haitapitisha tumbo hilo. Ala ya kisu cha namna hii hupimwa juu ya kisu chenyewe.

Jambo la pili ni kutu. Chuma cha springi hupata kutu upesi, na jikoni kwetu kisu hicho humenya ndizi mbichi karibu kila siku: utomvu na maji, kisha maji tena. Wakati wa mvua nguo haikauki kwa siku mbili, sembuse kisu kilichofungiwa gizani kikiwa na unyevu. Ndiyo maana kwa kisu kinachokaa jikoni napendekeza ala ya mbao. Ngozi inafaa zaidi kwa kisu cha safari au cha mchinjaji, na bomba la plastiki ni la mwenye haraka.

Tuanze na mbao. Musizi ni mwepesi na hausumbui patasi. Mgrevilea unaopandwa mipakani mwa mashamba ya kahawa nao unafaa, mradi umekauka. Mkaratusi uache: hupenda kupasuka ukikauka, na tanini yake hugeuza chuma kuwa cheusi. Uache pia ubao wowote uliopasuliwa majuzi, hata ukipewa bure, kwa sababu maji yaliyomo yatahamia kwenye kisu na ala yenyewe itapinda.

Kata vipande viwili, kimoja cha unene wa milimita 10 na kingine cha milimita 6, vyote virefu kuliko bapa la kisu kwa upana wa vidole viwili. Laza kisu juu ya kile kinene, uchore kwa penseli. Upande wa mgongo fuata chuma kabisa. Upande wa makali ongeza milimita 2, na kutoka penye tumbo endeleza upana huo mpaka mlangoni, ili kisu kipite na makali yaelee bila kugusa chochote. Mgongo ndio utakaobeba kisu ndani ya ala. Chonga shimo kwenye kipande hicho kimoja tu, kina kikilingana na unene wa mgongo na kupungua kuelekea makali. Kile chembamba kiache bapa, kiwe kifuniko. Wapo mafundi wanaogawa shimo nusu kwa nusu, lakini kwa anayeanza huko ni kujitafutia kazi ya kulinganisha pande mbili ambazo hazitalingana.

Kujua mahali panapobana, paka bapa la kisu masizi ya sufuria, ulilaze kwenye shimo, uweke kifuniko, ubane, kisha ufungue. Palipoachwa weusi ndipo pa kuchonga tena. Usipake mafuta badala ya masizi, maana gundi haitashika. Rudia mpaka kisu kiingie kwa kusukumwa kidogo mwishoni na kisidondoke ukiigeuza ala chini juu. Jaribio hilo lifanyie juu ya rundo la majani, miguu yako ikiwa mbali.

Futa masizi, paka gundi ya mbao safu nyembamba, ukiacha milimita 3 kutoka ukingo wa shimo ili isivujie ndani. Wengi hutafuta jiliwa hapo, lakini tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu na kuzungushwa kwa kuvutwa hubana vizuri kuliko jiliwa la kuazima, kwa kuwa hubana urefu wote sawasawa. Acha mpaka kesho yake. Kisu kisiwe ndani, la sivyo utakigundisha humo.

Kisha toboa tundu dogo kwenye ncha, milimita 4 zinatosha. Tundu hilo wengi huliona kama urembo, na ndilo linalotoa maji na kupitisha hewa. Piga randa, zungusha pembe, malizia kwa msasa. Kwa kung'arisha, warina asali wa Biharamulo wanayo nta. Iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja kwa sababu hushika moto. Paka nje tu. Ndani acha mbao tupu.

Sasa ngozi. Ngozi mbichi ya machinjioni inavutia kwa bei, na kweli ukiikata ikiwa laini, ukaishona na kuiwamba juu ya kigogo chenye umbo la kisu, hukauka ikawa ngumu kama ya ngoma. Shida zake ni tatu. Ikilowa hulegea. Panya na mbwa huipenda. Na kama ilihifadhiwa kwa chumvi, chumvi hiyo hula chuma kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo iloweke na kubadilisha maji mara kadhaa kabla ya kuikata, kisha uikaushe kivulini. Mimi ningeenda kwa fundi viatu nikanunua mabaki ya ngozi ngumu ya milimita 3, ile isiyochubuka ukiikwaruza kwa ukucha. Ile inayobanduka kama karatasi ni rexini, haidumu.

Kosa la ala nyingi za ngozi ni moja: vipande viwili vimeshonwa pembeni na makali yanakaa juu ya uzi. Kila kisu kinapochomolewa, uzi unakatwa kidogo, na siku moja makali yanatokeza nje kwenye kiganja. Dawa yake ni ukanda wa ngozi hiyohiyo, upana wa milimita 8 hivi, unaowekwa katikati ya vile vipande viwili upande wote wa makali. Gundisha tabaka tatu, toboa matundu ya kupishana milimita 5, ushone kwa sindano mbili kwa uzi mmoja wa nailoni uliopakwa nta, kila sindano ikipita tundu lilelile kutoka upande wake. Ni kazi ya taratibu, lakini mshono mmoja ukikatika mingine haifumuki, tofauti na ule wa cherehani.

Bomba la PVC halihitaji maelezo mengi. La milimita 40 likibanwa bapa hutoa nafasi ya karibu milimita 60. Lizamishe kwenye maji yanayochemka, katika kopo ambalo halitapikiwa tena. Hata kwenye milima ya Ngara, ambako maji huchemka kabla ya nyuzi 100, joto hilo linatosha kulilainisha. Usilitie kwenye makaa. Likiungua moshi wake ni sumu. Lichomekee kipande cha mbao chenye umbo la kisu, si kisu chenyewe, ulibane kati ya mbao mbili mpaka lipoe. Bomba hilo linaweza kuoshwa, na hilo ndilo jema lake kuu, maana mchanga ukibaki ndani hufuta makali.

Kwa kubeba kisu kutoka gulioni tu, magome makavu ya mgomba yaliyokunjwa mara tatu na kufungwa kamba yake yanashinda boksi. Yatupe ukifika, kwa kuwa yakilowa hutunza maji.

Ala yoyote iwayo, kisu kiingie kikiwa kimeoshwa, kimefutwa na kimekaa nje dakika chache. Unapokiingiza, egemeza mgongo kwenye ala ili makali yasichonge ndani. Kama hakitatumika wiki nzima, kipake tone la mafuta ya alizeti ulifute mpaka uhisi hakuna, maana yakibaki mengi hunata. Kisu cha mchinjaji kisilale ndani ya ngozi. Usiku kiwekwe wazi, juu, mbali na watoto.

Baada ya miaka ya kunolewa bapa litapungua na ala ya mbao itaanza kucheza. Usitengeneze nyingine. Gundisha kipande chembamba cha ngozi ndani ya mlango, upande wa bapa, urefu wa sentimita 3, kikauke, kisha kipunguze kwa msasa kidogokidogo mpaka kisu kishikwe tena.