SOMO: SALFA ILIYOMO KATIKA SHABA HUENDA WAPI?



Aliyefanya kazi karibu na tanuri la shaba anaijua gesi ile inayokaba koo na kuchoma macho. Mwajiri mmoja aliwahi kutujibu mezani kwamba ule ni "moshi tu", na penye moto hapakosi moshi. Somo hili linamjibu kwa hesabu, tena hesabu ya shule ya msingi.

1. Shaba haikai peke yake

Jiwe lenye madini ndani yake huitwa mbale. Mbale ya shaba iliyo ya kawaida zaidi hung'aa kama dhahabu, na jina lake ni kalkopairiti. Ndani yake vitu vitatu vimeshikamana: shaba, chuma na salfa. Katika kilo 100 za mbale hiyo ikiwa safi, shaba ni karibu kilo 35, chuma kilo 30, na salfa kilo 35. Tushike jambo hili: salfa ni nyingi sawa na shaba yenyewe.

Jiwe la mgodini limechanganyika na mawe yasiyo na faida. Kwa hiyo husagwa pamoja na maji, hutiwa dawa na kupulizwa hewa. Chembe za shaba hushika mapovu na kuelea, mchanga huzama. Povu hilo likikaushwa ndilo hupelekwa tanurini.

2. Kazi ya tanuri

Katika joto la kiasi cha digrii 1,200 tanuri huvunja ule urafiki wa watatu. Chuma hushika oksijeni upesi kuliko shaba, kisha huungana na mchanga uliotiwa kwa makusudi. Taka hiyo huelea juu na kumwagwa. Salfa huungua na kuwa gesi iitwayo salfa dioksaidi. Hewa huzidi kupulizwa mpaka shaba ifikie usafi wa karibu asilimia 99. Mwisho husafishwa kwa umeme hadi asilimia 99.99.

3. Moja, mbili, tatu

Kilo 1 ya salfa ikiungua hushika kilo 1 ya oksijeni, na kutoa kilo 2 za gesi. Gesi hiyo ikisafishwa vumbi, ikaongezewa oksijeni na maji kiwandani, hutoa karibu kilo 3 za asidi ya salfa.

Basi, kwa mbale hii, kilo 1 ya shaba huleta kilo 2 za gesi, au kilo 3 za asidi. Tanuri linalotoa tani 100 za shaba kwa siku hutoa kama tani 200 za gesi. Mbale nyingine zina salfa pungufu, nyingine zaidi, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile.

4. Salfa haipotei

Ikitoka katika jiwe, salfa ina mahali patatu pa kwenda.

(a) Hewani. Tanuri la Mufulira, Zambia, lilianza mwaka 1937. Mradi wa kukamata karibu gesi yake yote ulikamilika mwaka 2014. Hiyo ni miaka 77. Gesi hii huumiza mapafu, hasa ya mwenye pumu, na ikikutana na mvua huwa asidi inayokula mabati na mimea.

(b) Majini. Shaba ya Kilembe, Uganda, ilikwenda kwa reli kuyeyushwa Jinja. Mabaki yenye chuma, salfa na kobalti yalirundikwa Kasese, karibu tani milioni moja. Mvua na hewa vililigeuza lundo lile kuwa asidi bila tanuri lolote, ikatiririka na kuua majani hadi katika hifadhi ya wanyama. Kuanzia 1999 kiwanda kilitumia bakteria kuvunja mabaki hayo na kutoa kobalti.

(c) Tangini. Huku ndiko kwenye faida. Katika Katanga, Kongo, kuna mbale za kijani zisizo na salfa. Hizo huyeyushwa kwa asidi, kisha umeme huivuta shaba kwenye sahani. Viwanda hivyo hula asidi nyingi, na hununua nyingine kutoka Zambia. Kwa hiyo kile kilichoitwa "moshi tu" ni bidhaa yenye bei.

Lakini hata tangini mna hatari. Asidi huunguza ngozi na macho: bomba la maji ya kunawia liwe karibu, na maji yasimwagwe kamwe ndani ya asidi kali. Penye sahani za umeme, mapovu hurusha ukungu wa asidi. Tena tukumbuke kwamba kitambaa cha kuzuia vumbi hakizuii gesi. Inatakiwa barakoa yenye kichujio cha gesi za asidi.

5. Maswali ya kujadili tawini

1. Kiwanda chetu hutoa tani ngapi za shaba kwa mwezi, na tani ngapi za asidi?
2. Kama asidi ni pungufu ya hesabu yetu, salfa nyingine imekwenda wapi?
3. Nani hupima gesi, siku gani, na matokeo hubandikwa wapi?

Majibu yaandikwe, yapelekwe katika mazungumzo ya mkataba. Mwajiri akisema "moshi", sisi tuseme tani.